Chuma Kisilie Kabla ya Jua

Mathias hajapiga hodi tangu azaliwe. Anakohoa. Akifika kwa mtu anasimama pembeni ya mlango, anavuta pumzi, halafu anatoa kikohozi kimoja kifupi na kingine kirefu, kama mtu anayekokota kiti kwenye sakafu. Kisha ananyamaza na kusubiri. Usipoitika anarudia, na ataendelea kurudia mpaka useme neno.

Mwaka waliooana, mke wake Yusta alimbeba mpaka hospitali akapimwe kifua kikuu. Akapigwa picha, akatema makohozi kwenye kikopo, majibu yakarudi safi kabisa. Mganga akamwuliza, "Sasa mzee, kinachokusumbua hasa ni nini?" Mathias akamwonyesha Yusta kwa kidevu. "Mimi hakuna. Anayesumbuka ni huyu."

Basi Yusta akaja kugundua kwamba ukoo mzima ndivyo walivyo. Baba mkwe alikuwa anakohoa, mashangazi wanakohoa, watoto wa binamu nao wanakohoa. Ukikuta wamekusanyika msibani kwao utadhani umeingia wodini. Kifua hakimwumi hata mmoja wao. Ni namna yao ya kubisha hodi, na ukiwauliza walijifunzia wapi, wanakutazama kama umewauliza nani aliwafundisha kupiga chafya.

Hilo la kikohozi lilikuwa la kuchekesha tu. Lililokuwa linauma ni la chuma.

Mathias ni fundi wa majiko ya mkaa hapo Chanika, Handeni mjini. Anakata mapipa makuukuu, anakunja, anagonga, anatia miguu, jiko linasimama. Fundi wa majiko asipogonga hana kazi. Na ukoo wa Mathias una mwiko wao: chuma kisilie kabla ya jua kutoka. Msumari usigongwe, jembe lisigongwe kwenye mpini, hata sufuria ukiibandika uibandike kwa adabu. Jua likishachomoza, gonga mpaka majirani wahame. Kabla ya hapo, hapana.

Jirani yake hapo kwenye kibanda ni Hashim, Mzigua wa hapohapo, fundi majiko mwenzake na mtani wake, kwa sababu Mathias babu yake alikuja kutoka bara, Mnyamwezi, akafuata kazi ya mkonge. Hashim akishasali alfajiri anaanza kugonga. Mpaka Mathias anafungua mlango, Hashim ana majiko yamepangwa barabarani, na wanawake wanaowahi sokoni wameshanunua.

"Mnyamwezi!" Hashim anaita. "Jua limekupa ruhusa leo, au bado linanawa uso?"

"Gonga zako, Hashim. Watu wasio na asili hawana miko."

"Asili tunayo. Tuliwakuta hapa nyie? Si tuliwapokea na mabunda yenu kichwani?"

Mathias alikuwa anacheka, ila moyoni haikuwa kicheko. Mwiko aliuogopa kweli. Kwao kuna ushahidi: baba yake mdogo aliwahi kupanda juu ya paa alfajiri kugongea bati lililofunuliwa na upepo. Akagonga msumari mmoja, akaanguka, akavunjika nyonga. Kwamba usiku kucha alikuwa ngomani, na kwamba ngazi ilikuwa imeliwa na mchwa, hayo hayasemwi. Ngazi haijawahi kulaumiwa na mtu katika ukoo ule.

Na kwa nini chuma, na kwa nini kabla ya jua? Hapo kila mtu ana lake. Kuna waliosema chuma kinaamsha wafu. Binamu yake Mikaeli, yule aliyeko Dar es Salaam, yeye alikuwa na maelezo ya kifahari zaidi. Alisema babu yao Lugusha alitoka kwenye ukoo wa wahunzi wa mtemi huko bara, na mhunzi wa mtemi hagongi chuma mpaka mtemi aamke. Tena alikumbuka kusikia kwamba kambini, kule kwenye mkonge, Lugusha aliitwa Jogoo. Unajua mtu akiitwa Jogoo maana yake nini? Ngumi mkononi! Basi sikukuu moja Mikaeli akawaletea fulana za ukoo, nyekundu, kifuani jogoo ametanua mabawa na makucha yako nje. Mathias anayo yake. Anaivaa akienda kudai haki yake mahali, na mara nyingi anarudi bila haki ila fulana inakuwa imeonekana.

Sasa ikaja hii mitungi ya gesi. Kwanza walinunua walimu, halafu manesi, halafu mpaka mama lishe aliyekuwa anabadilisha jiko la Mathias kila masika. Majiko yakakaa kibandani yakawa yanatagiwa mayai na kuku. Nyumba ikawa inaendeshwa na vitumbua vya Yusta, na Yusta hakusema kitu, jambo ambalo kwa Mathias lilikuwa baya kuliko angesema.

Hapo ndipo alipopata habari ya karakana. Kuna shamba moja la mkonge nje kidogo ya Korogwe lilikuwa limelala miaka, sasa limeamshwa. Walitaka fundi wa kunyoosha magurudumu ya vitoroli na kutengeneza visu vya wakataji. Msimamizi wa karakana, kijana wa Kisambaa anayeitwa Hiza, aliona jiko la Mathias kwa shemeji yake, akaligeuza chini juu, akauliza limetengenezwa na nani. Akampigia simu.

"Kazi ni ya kudumu, mzee wangu, na nyumba ya kukaa ipo. Ila tunaanza mapema. Wakataji wanaingia shambani kukiwa bado giza, kabla jua halijawa kali. Vifaa lazima viwe tayari kabla yao. Nipe jibu Jumatatu."

Mathias akakata simu, akakaa juu ya jiko.

"Nani?" Yusta akauliza.

Akamweleza.

"Si vizuri?"

"Wanaanza giza."

Yusta akaweka kikaangio chini. "Baba Edna, sikiliza. Gereji ile ya barabara kuu ulikataa kwa sababu ya jua. Kwa mafundi wa mageti ukakataa kwa sababu ya jua. Sasa mimi nakuuliza, hilo jua lenyewe limeshakuletea hata kibaba cha unga humu ndani?"

"Si jua. Ni babu."

"Basi kamwulize babu."

"Amekufa."

"Kaulize waliobaki!" Yusta akasema. "Mtu mzima unaogopa kitu hujui hata kinaitwaje. Mimi ningekuwa wewe ningetaka kujua tu, hata kama kazi siendi. Hukuwahi kutaka kujua?"

Hilo likamwingia. Kwa sababu kweli, katika umri wake wote, na mvi zimeshaanza kupiga kambi masikioni, hakuwahi kutaka kujua. Mwiko ulikuwa kama ukuta wa nyumba ya kuzaliwa. Mtu haulizi ukuta umejengwa na nani.

Ijumaa asubuhi, jua likiwa limetoka kwa hakika, akavaa fulana ya jogoo, akapanda gari ya Korogwe. Alikuwa anaelekea Mashewa kwa shangazi yake Grasiana, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki na ndiye mlinzi wa mwiko. Mpango wake ulikuwa mfupi: kumwomba shangazi amwondolee mwiko, basi.

Pale Korogwe akapita dukani kwa Jaya kutafuta zawadi. Jaya ni mama wa Kihindi, duka ni la babu wa mume wake, na yeye na Mathias wanajuana tangu zamani kwa sababu ya misumari na bati. Mathias akakohoa mlangoni.

"Pita, Mathias," Jaya akasema bila kuinua kichwa. "Una safari ya vita? Umevaa jogoo."

"Naenda kwa shangazi."

"Aa, vita kabisa."

Akamfungia sukari na majani ya chai. Mathias akasimama pale akizungusha kofia mkononi, maana swali lilikuwa limeshamkaa kooni tangu nyumbani. "Mama Jaya, ninyi hamli nyama. Kwa nini?"

"Kuua kiumbe ili nile, sitaki. Bibi yangu alinieleza nikiwa mdogo. Nilimsumbua sana. Kwa nini hiki, kwa nini kile. Alinifukuza jikoni, nikarudi na swali lingine." Akafunga kamba ya mfuko. "Na ninyi hamgongi chuma alfajiri. Ulimwuliza nani?"

"Sijauliza mtu."

"Hata mmoja?"

"Tulikuta hivyo."

Jaya akamwangalia juu ya miwani kama anayeangalia noti iliyochanika. "Haya. Msalimie shangazi."

Alipofika Mashewa akakohoa kwenye ua wa Grasiana, na kutoka ndani kikatoka kikohozi kingine kumjibu. Ndivyo wanavyosalimiana wale.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Yusta hajambo? Umekonda. Huyo mwanamke anakulisha vitumbua tu."

Grasiana ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye shamba la mahindi na maharage na sauti ya kuhutubia kanisa zima bila kipaza. Alimsikiliza Mathias mpaka mwisho, tena kwa upole, na upole wake ndio wa kuogopwa.

"Unataka niutoe mwiko wa baba yangu."

"Unilegezee tu shangazi. Mimi mmoja."

"Haulegezwi. Si kamba ya mbuzi. Lazima ukoo wote tukae, kuku mweupe apatikane, pombe ipikwe, twende kaburini tumweleze mzee mwenyewe. Mikaeli aje kutoka Dar. Labda baada ya mavuno."

"Jibu linatakiwa Jumatatu."

"Basi waambie hapana. Baba yako aliishi na mwiko huu akafa nao. Mimi hapa kila siku nakwenda shamba wenzangu wameshalima nusu, kwa sababu jembe langu linachomoka kwenye mpini na siwezi kuligonga mpaka jua litoke. Umewahi kunisikia nalalamika?"

Alikuwa amewahi kumsikia, mara nyingi tu, ila hakusema. Akauliza lile la Yusta na Jaya. "Shangazi, kwani ni kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Chuma. Kabla ya jua. Babu alisema ni kwa nini?"

Shangazi akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Alikuwa mtoto wa mwisho. Amezaliwa hapohapo Mashewa, Lugusha akiwa ameshatoka kwenye mkonge, amepewa kipande cha ardhi na kuanza kulima. Na habari za mkonge Lugusha hakuzisimulia nyumbani hata siku moja. Mathias mwenyewe alimkumbuka kidogo sana: mzee mrefu mwenye kuchechemea, analala mpaka jua liko juu ya mgomba, na hakuna anayethubutu kumwamsha.

"Wahenga wa huko bara," shangazi akasema hatimaye, lakini sauti ilikuwa imepungua. "Yalikuwa mambo mazito. Sisi watoto hatukuambiwa."

"Na nani aliambiwa?"

"Hakuna aliye hai. Labda yule Mwantumu wa pale chini karibu na gulio, alikaa na wazee wetu kambini wakati huo. Lakini usithubutu kumwendea. Mdomo wake mchafu. Atakueleza mambo ya ovyo juu ya mzee."

Mtu akitaka Mathias aende mahali haraka, amwambie hivyo. Kabla chai haijapoa alikuwa ameshateremka.

Nyumba ya Bibi Mwantumu ilikuwa na ua wa mabua. Mathias akasimama pembeni ya mlango wa ua, akavuta pumzi, akakohoa. Kimoja kifupi, kimoja kirefu.

Na kutoka nyuma ya ua, palepale, bila kuulizwa ni nani, sauti ya bibi kizee ikajibu:

"Tumesikia, Lugusha! Tumeamka!"

Mathias nywele zikamsimama. Akageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu mwingine amesimama pale. Hakukuwa na mtu.

Halafu sauti ileile, safari hii ya woga: "Nani huyo? We nani unayekohoa hapo?"

"Mathias, bibi. Wa kwa Grasiana. Mjukuu wa Lugusha."

"Ingia nikuone! Ingia upesi, umenitoa roho!"

Bibi Mwantumu alikuwa ameketi mkekani na ungo wa choroko. Mwenyewe mdogo, amejikunja, macho yana ukungu lakini yanazunguka kama ya mtu anayetafuta wa kumtania. Akamshika Mathias mkono akamvuta chini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Jamani, kumbe kile kikohozi hakikuzikwa! Mimi nasinzia hapa, nimesikia, mdomo umejibu wenyewe. Naona nimerudi kambini, naona nimechelewa." Akacheka mpaka choroko zikamwagika. "Na hilo dude kifuani ni nini? Kuku?"

"Jogoo, bibi. Ni fulana ya ukoo. Si babu aliitwa Jogoo?"

"Aliitwa."

"Kwa sababu ya ngumi."

"Ya nini?"

"Ngumi. Alikuwa mpiganaji."

Hapo bibi alicheka kicheko cha pili, kile cha bila sauti, mabega tu yanapanda na kushuka, mpaka mjukuu wake wa kike akachungulia mlangoni kuona kama yuko hai. "Lugusha mpiganaji! Alikuwa anakimbia hata bata! Aliitwa Jogoo wa Mzungu, mwanangu, kwa sababu ndiye aliyekuwa anatuamsha. Babu yako alikuwa mpiga reli."

Mathias hakuelewa, ikabidi bibi amwekee wazi. Pale kambini, mbele ya laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi, palining'inizwa kipande cha reli kwenye nguzo. Alfajiri, giza totoro, mtu mmoja anakuja na nyundo anakigonga. Hiyo ndiyo saa. Reli ikilia unatoka mbio ukahesabiwe. Nyapara akikukosa kwenye mstari umerudishwa, na siku yako haiandikwi.

"Lugusha alikuja kukata mkonge kama wenzake. Kisu kikamteleza kikamla mguu. Mkataji hawezi kukata anachechemea. Walitaka kumrudisha kwao, halafu wakampa reli. Ilikuwa kazi ya aibu, mwanangu. Wenzako wote wanakuchukia. Wewe unafikiri nani anampenda anayemtoa kitandani? Wanawake tulimtukana. Mimi mwenyewe nilishawahi kummwagia maji machafu, nikasema nilidhani ni mbwa."

"Na alifanyaje?"

"Alijifuta." Bibi akawa anaokota choroko moja moja. "Halafu sijui alikaa akawaza nini. Tukaanza kusikia kikohozi. Anaamka kabla ya muda wake, anapita na laini polepole na mguu wake ule. Hakohoi kila mahali. Kwa mwenye kichanga, anakohoa. Kwa mwenye homa, anakohoa. Kwa mlevi, anakohoa sana. Na haondoki mpaka umjibu. Unasema 'Tumesikia, Lugusha,' anakwenda mlango mwingine. Akimaliza ndiyo anakwenda kugonga reli yake. Basi reli inalia wewe umeshafunga kanga, mtoto ameshanyonya, uji umekunywa. Nyapara anasimama pale anatutolea macho. Laini yetu haina mchelewaji! Alitusifu, mpumbavu yule. Alisema ni kwa sababu anatutisha."

Akaacha kuokota.

"Nilizaa mwanangu wa kwanza mle kambini, na mume wangu ana homa, hajui yuko wapi. Kila alfajiri nilikuwa nasubiri kile kikohozi. Reli ilikuwa ya mzungu. Kikohozi kilikuwa chetu."

Mathias akaokota choroko mbili, akazirudisha kwenye ungo. Alikuwa amekuja kutafuta mhunzi wa mtemi, na sasa amepewa mzee wa kuchechemea anayemwagiwa maji. Ajabu ni kwamba hakujisikia kupunjwa. Alitaka kujua zaidi. Alikuwa anatembea vipi gizani? Alivaa nini? Mvua ikinyesha je? Bibi akamjibu alichokikumbuka, na asichokikumbuka akakitunga, na Mathias akala vyote.

"Na mwiko, bibi? Chuma kisilie kabla ya jua?"

"Mwiko gani?"

Akamweleza. Baba mdogo na paa, gereji, mageti, kuku mweupe, jembe la shangazi. Kadiri alivyoeleza ndivyo macho ya bibi yalivyotoka.

"Ngoja. Mmekaa miaka yote hii... Ngoja kwanza. Mimi nilikuwepo! Siku anaezeka nyumba yake hapo juu, tulikwenda kusaidia, wengi wa kambini tulikwenda. Fundi akaamkia kugonga misumari giza. Lugusha akatoka na shuka, amekasirika, sijapata kumwona hivyo. Akasema, 'Nyumbani kwangu chuma hakilii kabla ya jua! Nimekigonga cha kutosha. Niacheni nisikie jogoo wa kweli.' Tukacheka, fundi akashuka. Ndiyo hiyo. Mzee alitaka kulala!"

"Kulala."

"Kulala, mume wangu! Na alisema nyumbani kwake. Hakusema dunia nzima."

Mathias alipanda kurudi kwa shangazi taratibu. Aliona kazi imebaki ngumu kuliko ya kwanza. Mwiko ulikuwa umeshafumuka wenyewe, lakini ulikuwa ndio ukubwa wa Grasiana. Ukimwondolea mtu ukubwa wake unamwachia nini?

Akamweleza yote wakati wa ugali, reli, maji machafu, shuka. Shangazi hakugusa mboga.

"Mwantumu mwongo."

"Nilipokohoa aliniitikia 'Lugusha', shangazi. Hajanijua bado. Hajaniona hata sura."

Grasiana akaisukuma sahani kando. Akaangalia ukutani, mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Sasa mimi nimelinda nini miaka yote?" akauliza, na kwa mara ya kwanza ilikuwa ni sauti ya mtoto wa mwisho.

Mathias akasema lililomjia. "Umelinda usingizi wa baba yako."

Shangazi akavuta sahani akaanza kula. Hawakuzungumza tena juu ya jambo hilo. Aliuliza tu, wakati wa kuosha vyombo, "Na kwa mlevi alikuwa anakohoa sana?"

"Sana, anasema."

"Hm," akasema Grasiana. "Ndiye baba mwenyewe."

Mathias aliamshwa na kelele. Ko! Ko! Ko! Nje giza. Akaruka kitandani akidhani ni wezi, akatoka na kitenge cha watu kiunoni. Akamkuta shangazi yake amechuchumaa kwenye jiwe la mlangoni, kandili inamulika, analigonga jembe kwenye mpini kwa nguvu za mtu anayelipa kisasi.

"Shangazi!"

"Nini? Limenitesa jembe hili!" Ko! "Amelala vya kutosha yule mzee!" Ko! "Leo nitafika shamba kabla ya mama Salome, nione atasema nini!"

Akalijaribu jembe kwa kulitikisa. Likakaa imara. Akasimama, akaangalia angani upande wa mlima wa Bungu kama anayesubiri kuona kama kuna kitakachomwangukia. Hakikuanguka kitu. Akaweka jembe begani, akakohoa kidogo kuelekea upande wa kaburi, kama mtu anayeomba njia, akaenda zake.

Hashim alipopewa habari hakuamini bahati yake. "Kwa hiyo mtemi wenu ni usingizi!" Alipita Chanika nzima akieleza. Tangu hapo Mathias akikatiza barabarani watu wanamkoholea. Yeye naye anajibu, "Nimesikia." Mikaeli, kwenye simu, alikasirika, akasema bibi kizee asiyeona asipewe historia ya ukoo, halafu baada ya kitambo akapiga tena akauliza ile reli ilikuwa na urefu gani.

Jumatatu Mathias alimpigia Hiza, akasema atakuja.

Nyumba aliyopewa kule shambani iko kwenye laini ya zamani, vyumba vilevile vya ukuta mnene, vimepakwa chokaa upya. Karakana iko mkabala, ni kuvuka njia tu. Siku ya kwanza alifungua mlango kukiwa giza, akawasha taa, akapanga visu, akaweka gurudumu la kitoroli juu ya fuawe. Akainua nyundo.

Akaishusha. Hakuwa anaogopa, hilo aliliangalia ndani yake kwa makini, kama mtu anayepapasa jino lililokuwa linauma. Ila katika chumba cha kwanza mkabala na karakana aliishi mkataji kijana na mke wake, na jana yake jioni Mathias alikuwa amesikia kichanga kinalia mle.

Akaweka nyundo chini, akavuka njia. Akasimama pembeni ya mlango, akavuta pumzi. Kimoja kifupi, kimoja kirefu.

Kimya.

Akarudia.

Kitanda kikalia ndani, kiberiti kikawashwa, mwanga ukapenya chini ya mlango. "Nani?" sauti ya mwanamke, nzito ya usingizi.

"Fundi mpya, mama. Nataka kuanza kugonga. Nimeona nikwambie kwanza, mtoto asishtuke."

Kukawa kimya tena, kimya cha mtu anayejiuliza huyu ni mwendawazimu wa aina gani. Mathias alisubiri. Hakuwa na haraka, na hata angekuwa nayo, miguu isingekubali kuondoka.

"Haya," yule mama akasema mwishowe. "Tumesikia, fundi."

Akarudi karakana, akashika nyundo.